Dola ya Zeng katika China ya Kale: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Dola ya Zeng haikuwa kubwa, na kwa zaidi ya miaka elfu mbili wasomi wa China walikuwa hawaijui kwa jina hilo. Leo ni miongoni mwa dola ndogo za kale zinazofahamika kwa undani zaidi, na karibu yote tunayoyajua yametoka makaburini. Maswali yafuatayo ndiyo yanayorudiwa zaidi na wasomaji wa historia ya China. Herufi KK zina maana ya Kabla ya Kristo.

## Mambo ya msingi

1. Zeng ilikuwa wapi, na ilidumu kwa muda gani?

Kitovu cha Zeng kilikuwa eneo la mji wa leo wa Suizhou, kaskazini mwa jimbo la Hubei, katika ukanda mwembamba wa nchi tambarare unaopita kati ya milima ya Dahong na milima ya Tongbai. Makaburi ya watawala wake yamepatikana pia Zaoyang na Jingshan, jambo linaloonyesha kwamba mipaka ya dola hiyo ilipanuka na kusinyaa kwa nyakati mbalimbali. Ilianza mwanzoni mwa utawala wa nasaba ya Zhou, iliyoipindua nasaba ya Shang karibu mwaka 1046 KK, na ikadumu hadi karne ya 4 KK, yaani takriban miaka 700.

2. Kuwa dola iliyo chini ya Zhou kulimaanisha nini hasa?

Wafalme wa Zhou waliteka nchi kubwa kuliko waliyoweza kuitawala wenyewe, kwa hiyo waliwagawia ndugu zao, wakwe zao na makamanda wao maeneo ya mbali. Aliyepewa eneo alipokea cheo, watu wa kumtumikia na vyombo vya ibada vya bronzi, naye kwa upande wake alitakiwa kuleta askari vita vinapotokea, kupeleka ushuru na kumtambua mfalme kuwa ndiye mwenye haki ya kutoa sadaka kwa Mbingu. Watawala wa Zeng walikuwa na cheo cha *hou*, na walikuwa wa ukoo wa Ji, ambao ndio ukoo wa mfalme mwenyewe.

Msomaji wa pwani yetu anaweza kumfikiria liwali aliyewekwa na Sultani, lakini ulinganisho huo unafika mahali unakatika: liwali aliteuliwa na aliweza kuondolewa, ilhali cheo cha *hou* kilirithiwa na mwana kutoka kwa baba. Baada ya vizazi vichache mtawala wa namna hii alikuwa na jeshi lake, mahekalu ya mababu zake na siasa yake mwenyewe.

3. Mwanzilishi wa dola hii alikuwa nani?

Vitabu vya kale vinamtaja Nangong Kuo kama mmoja wa wasaidizi wakuu wa mfalme Wen na mwanawe Wu, waasisi wa Zhou. Mwaka 2009, katika kaburi la Wenfengta mjini Suizhou, zilipatikana kengele za mtawala mmoja wa baadaye aliyeitwa Yu, na maandishi yaliyochongwa juu yake yanaanza kwa kumsifu Kuo aliyewasaidia wafalme hao wawili kuiangusha Shang. Kisha yanasema kwamba mfalme alimtuma Nan Gong, yaani Mkuu wa Kusini, akajenge makao na kuwasimamia watu wa bonde la mto Huai.

Miaka miwili baadaye, makaburi ya Yejiashan yaliyoko karibu na hapo yalianza kufukuliwa. Ni ya mwanzo kabisa wa Zhou. Katika kaburi kubwa la namba 111 kulikuwa na chombo ambacho mtawala aitwaye Kang alikitengeneza kwa heshima ya marehemu baba yake, Nan Gong. Kwa hiyo madai ya ukoo yaliyochongwa karne ya 5 KK yalithibitishwa na bronzi iliyozikwa zaidi ya miaka 400 kabla yake. Ni nadra sana nasaba inayojisifia mababu kupata shahidi wa aina hiyo.

4. Kwa nini Zhou walitaka dola mahali pale?

Kwa sababu ya shaba. Bronzi ilihitaji shaba na bati, na madini hayo yalitoka kusini, katika bonde la mto Yangzi, ambako migodi ya Tonglüshan ilikuwa mmojawapo wa vyanzo vikuu. Ukanda wa Suizhou na Zaoyang ulikuwa njia ya kuyafikisha kaskazini. Chombo kimoja cha mkuu wa Zeng aitwaye Bo Qi kinajivunia kwamba alizishinda kabila za Huai na kuifungua njia ya shaba na bati. Kaburi lake lenyewe lilifukuliwa baadaye huko Sujialong, wilayani Jingshan. Bila bronzi mfalme hakuwa na silaha wala vyombo vya kuwatolea mababu sadaka, na mfalme asiyeweza kutoa sadaka hakuwa mfalme.

## Zeng au Sui?

5. Kwa nini vitabu vya kale havizungumzii Zeng ya Hubei?

Hiki ndicho kitendawili kilichowasumbua wanahistoria kwa miongo kadhaa. Zuozhuan, kitabu kikuu cha habari za miaka ya 722 hadi 468 KK, hakina dola yoyote iitwayo Zeng katika eneo la Suizhou. Kinachoitaja mahali hapo ni Sui, tena kwa heshima: kinasema kwamba miongoni mwa dola za mashariki ya mto Han, Sui ndiyo iliyokuwa kubwa.

Ardhini mambo yalikuwa kinyume. Mwaka 1966, wachimbaji wa mfereji huko Sujialong waliibua vyombo 97 vya bronzi, na baadhi yake vilikuwa na jina la Zeng. Mwaka 1978 kaburi kubwa la Mtawala Yi (tazama swali la 11) lilitoa jina la Zeng mara nyingi mno. Dola iliyosifiwa vitabuni haikuonekana ardhini, na iliyojaa ardhini haikuonekana vitabuni.

Mwaka huohuo wa 1978 mwanahistoria Li Xueqin alitoa hoja kwamba tatizo ni la uongo: Zeng na Sui ni dola moja. Zote mbili zilikuwa za ukoo wa Ji, zilikaa mahali pamoja, wakati mmoja, na zilikuwa na uhusiano uleule na jirani yao mkubwa, Chu. Wengine walipinga, wakisema huenda Zeng iliimeza Sui, au zilikuwa jirani. Ubishi huo uliendelea kwa zaidi ya miaka 30.

6. Ni ushahidi gani uliomaliza ubishi?

Ulikuja vipande vipande. Kwanza, katika uchimbaji wa Wenfengta wa miaka ya 2012 na 2013, ndani ya makaburi ya Zeng, ilipatikana silaha ya bronzi ya ofisa aliyejitambulisha kuwa mkuu wa majeshi wa Sui. Pili, kengele za Mtawala Yu zilizotajwa katika swali la 3 zinaeleza jinsi Zeng ilivyomwokoa mfalme wa Chu, kisa ambacho Zuozhuan inakiweka Sui (tazama swali la 9).

Ushahidi ulio wazi kuliko wote ni wa mwanamke. Kulikuwa na chombo cha bronzi ambacho mfalme wa Chu alikitengeneza kama zawadi ya harusi ya binti wa ukoo wake, Mi Jia, aliyeolewa Sui. Mwaka 2019, katika makaburi ya Zaoshulin huko Yidigang, Suizhou, kaburi la bibi huyohuyo lilifukuliwa, na humo anaonekana kuwa mke wa Mtawala Bao wa Zeng. Kwao alikotoka alihesabiwa ameolewa Sui. Kwa mumewe alizikwa kama mke wa Zeng. Baada ya hapo ni wachache waliobaki wakishikilia kwamba zilikuwa dola mbili.

7. Lakini kwa nini dola moja iwe na majina mawili?

Maelezo yanayokubalika zaidi ni kwamba Zeng lilikuwa jina la dola na ukoo unaoitawala, na Sui likawa jina la mji wake mkuu ambalo majirani walilitumia kuiita nchi nzima. Si jambo la ajabu katika historia ya China: dola ya Wei iliitwa pia Liang baada ya kuhamishia makao yake Daliang. Wenye nchi walichonga "Zeng" kwenye vyombo vyao vya ibada. Waandishi wa dola nyingine waliandika "Sui" kwenye kumbukumbu zao, na vitabu vilivyotufikia ni vya waandishi hao.

## Zeng na jirani yake Chu

8. Uhusiano wa Zeng na Chu ulianzaje?

Ulianza kwa vita. Chu ilikuwa ikikua upande wa kusini magharibi, na watawala wake walijiita wafalme bila kuomba ruhusa ya Zhou. Mwaka 706 KK mfalme Wu wa Chu aliivamia Sui na kulificha jeshi lake imara, akiwaonyesha wajumbe wa Sui askari dhaifu ili wavutwe mtegoni. Mshauri wa Sui, Ji Liang, aliushtukia ujanja huo. Hoja aliyompa bwana wake imekumbukwa kuliko vita yenyewe: kwamba watu ndio mabwana wa miungu, kwa hiyo mtawala mwema huwatengenezea watu wake mambo yao kwanza, kisha ndipo anapoishughulikia miungu. Mtawala aliogopa, akarekebisha utawala wake, na Chu haikuthubutu kushambulia.

Miaka miwili baadaye hakusikiliza. Mwaka 704 KK jeshi la Sui lilishindwa Suqi, na gari la vita la mtawala likatekwa. Mwaka 690 KK mfalme Wu alitoka tena kuishambulia, akafia njiani. Makamanda wake walificha kifo chake hadi Sui ilipokubali mkataba. Mwaka 640 KK Sui iliziongoza dola za mashariki ya Han kuasi, ikashindwa. Baada ya hapo haisikiki tena ikipigana na Chu.

9. Je, ni kweli kwamba Zeng ilimwokoa mfalme wa Chu?

Ni kweli, na ndicho kisa kikubwa kuliko vyote katika historia yake. Mwaka 506 KK mfalme Helü wa Wu, dola ya pwani ya mashariki, aliivamia Chu, akaishinda vitani Boju na kuuteka mji wake mkuu, Ying. Mfalme Zhao wa Chu alikimbia kwa shida hadi akaingia Sui, na watu wa Wu wakamfuata hadi hapo.

Ujumbe wa Wu ulikuwa na nguvu. Wafalme wa Wu nao walijihesabu kuwa wa ukoo wa Ji. Waliwaambia watu wa Sui kwamba Chu ndiyo iliyozimeza dola zote za wajukuu wa Zhou kando ya mto Han, kwamba sasa Mbingu inaiadhibu, na kwamba wakimtoa mfalme watapewa nchi iliyo kaskazini ya mto huo. Kwa maneno mengine: damu ni nzito, na malipo yapo.

Mfalme alikuwa upande mmoja wa jumba la mtawala, na watu wa Wu upande mwingine. Ziqi, ndugu yake aliyefanana naye sura, alivaa mavazi ya mfalme na kutaka atolewe yeye. Watu wa Sui wakapiga ramli, ikatoka vibaya. Ndipo walipoijibu Wu kwamba wao ni nchi ndogo iliyojificha karibu na Chu, kwamba Chu ndiyo iliyowaacha wakaendelea kuwepo, kwamba kuna viapo vya vizazi ambavyo havijavunjwa, na kwamba wakimsaliti rafiki siku ya dhiki, hata Wu yenyewe haitakuwa na sababu ya kuwaamini. Watu wa Wu wakaondoka. Mfalme alikula kiapo na watu wa Sui kwa damu iliyotolewa kifuani mwa Ziqi, na mwaka uliofuata, kwa msaada wa jeshi la Qin, alirudi kwake.

Kengele za Mtawala Yu zinaeleza tukio hilo kwa upande wa wenyeji, bila ramli na bila hofu: Wu ilileta vurugu, Chu ikatikisika, na mtawala wa Zeng, kwa nguvu zake mwenyewe, akamrudisha mfalme kitini. Binafsi naona Zuozhuan iko karibu zaidi na ukweli, kwa kuwa inawaonyesha watu wakipima hatari; lakini ni dhahiri kwamba nyumbani Suizhou kisa hicho kiligeuka kuwa fahari ya ukoo.

10. Basi Zeng ilikuwa chini ya Zhou au chini ya Chu?

Kwa jina na kwa ibada, Zhou. Kwa mambo ya dunia, Chu. Maandishi ya Yu hayafichi jambo hili: yanasema kwamba nyumba ya Zhou iliposhuka, Zeng ilijipatanisha na Chu. Mwaka 494 KK majeshi ya Sui yalikuwa pamoja na ya Chu katika kuizingira dola ya Cai, ambayo nayo ilikuwa ya ukoo wa Ji.

## Kaburi la Mtawala Yi

11. Kaburi hili lilipatikanaje?

Mwaka 1977, kikosi cha jeshi la anga kilichokuwa kikisawazisha kilima cha Leigudun ili kujenga karakana kilikutana na udongo wa rangi isiyo ya kawaida. Uchimbaji ulifanyika mwaka 1978 chini ya Tan Weisi. Chini ya mawe na makaa ya mti yapatayo tani 60 kulikuwa na vyumba vinne vya magogo, vyenye eneo la mita za mraba 220 hivi, vyote vikiwa vimejaa maji.

Maji hayo ndiyo yaliyoliokoa kaburi. Wezi wa zamani walikuwa wameshatoboa tundu kwenye kona ya chumba cha kati, lakini hawakuweza kuendelea. Pampu zilipoyapunguza maji mwezi Mei 1978, kwanza vilichomoza vichwa vya nguzo za mbao, kisha safu ya kengele ndogo, kisha ya kati. Maji yalipokwisha, kiunzi kizima kilikuwa bado kimesimama, kikibebwa na sanamu sita za askari wa bronzi wenye mikono iliyoinuliwa, na kengele nyingi zikiwa bado zinaning'inia pale zilipotundikwa miaka 2,400 iliyopita.

12. Tarehe ya kaburi inajulikanaje?

Katikati ya safu ya chini ilitundikwa kengele moja isiyo ya seti hiyo. Maandishi yake, yenye herufi 31, yanasema kwamba katika mwaka wa 56 wa utawala wake mfalme wa Chu alimtengenezea Mtawala Yi wa Zeng vyombo vya ibada na kuviweka Xiyang. Mfalme huyo ni Hui, na mwaka wenyewe ni 433 KK. Mtawala alizikwa mwaka huo au muda mfupi baadaye.

Jambo la kuzingatia ni kwamba Hui alikuwa mwana wa Zhao, mfalme yule aliyefichwa Sui miaka 73 kabla. Wengi huiona kengele hiyo kuwa shukrani ya mtoto wa aliyeokolewa. Maandishi hayasemi hivyo, lakini sioni sababu ya kuikataa tafsiri hiyo: wenyeji waliisogeza kengele yao wenyewe ili kuipisha hii ya Chu mahali pa heshima.

13. Kengele ni ngapi, na inawezekanaje kila moja itoe sauti mbili?

Ni 65, zikiwa na uzito wa tani 2.5 hivi, kubwa kuliko zote ina kilo 203.6. Mdomo wa kila kengele si duara, bali una umbo la lozi, na kwa sababu hiyo mtikisiko wake hutofautiana kulingana na mahali inapogongwa. Ikigongwa katikati ya uso hutoa sauti moja. Ikigongwa pembeni hutoa nyingine iliyo juu zaidi, na fundi alikwangua bronzi ndani kwa ndani hadi sauti zote mbili zikapatana. Majina ya sauti yamechongwa mahali pa kugonga, pamoja na maelezo yanayolinganisha majina hayo na yale yaliyotumika Chu, Jin, Qi na kwenye nyumba ya Zhou. Seti nzima ina upana wa oktava tano, na katika oktava za kati nusu toni zote 12 zinapatikana.

14. Kulikuwa na nini kingine?

Vitu zaidi ya 15,000. Kuna silaha, ala za nyuzi na za kupuliza, seti ya mawe 32 ya kugonga, vyombo vya kupozea pombe kwa barafu, na vipande 240 vya mianzi vilivyoorodhesha magari na farasi wa mazishi. Sanduku moja la nguo limechorwa majina ya manazili 28 ya mwezi, yakiwa yamezungukwa na joka na chui milia. Wanaojua falaki kwa njia ya Kiarabu watatambua hesabu hiyo.

Kuna pia vyungu tisa vya miguu mitatu, idadi ambayo kwa taratibu za Zhou ilikuwa ya mfalme peke yake. Kufikia wakati huo *hou* wa nchi ndogo hakuona haya kujipa heshima hiyo.

15. Ni kweli kwamba watu waliuawa ili wazikwe naye?

Ndiyo. Wanawake 21, wote vijana, walizikwa pamoja naye: 8 karibu na jeneza lake katika chumba cha mashariki na 13 katika chumba cha magharibi. Mdogo wao alikadiriwa kuwa na umri wa miaka 13 hivi. Huenda baadhi yao walikuwa wanamuziki na wacheza ngoma wa nyumba yake. Kando ya jeneza kulikuwa pia na mbwa, naye akiwa na jeneza lake. Kila anayezisifu kengele hizi inafaa akumbuke kwamba zilitolewa katika kaburi hilohilo.

## Mwisho wa Zeng, na mambo yanayochanganya watu

16. Zeng iliisha vipi?

Ilimezwa na Chu kimyakimya. Baada ya Yi kuna kaburi la pili la Leigudun, lililofukuliwa mwaka 1981 likiwa na kengele 36, na kaburi la mtawala aitwaye Bing huko Wenfengta. Baada ya hapo makaburi ya Suizhou ni ya mtindo wa Chu, na hakuna mtawala mwingine wa Zeng anayeonekana. Chu yenyewe ilipoteza mji wake mkuu mikononi mwa Qin mwaka 278 KK.

17. Je, watu wa ukoo wa Zeng wa leo, pamoja na Zengzi mwanafunzi wa Confucius, wanatoka dola hii?

Kwa mapokeo ya ukoo wenyewe, hapana. Wanajihesabu kuwa wametokana na dola nyingine iliyokuwa Shandong, ya ukoo wa Si, iliyoangamizwa na dola ya Ju mwaka 567 KK. Majina yanatamkwa karibu sawa, ndiyo maana yanachanganywa.

18. Nasaba ya Sui (581–618) ina uhusiano wowote na dola hii?

Uhusiano ni wa jina la mahali tu. Mwasisi wa nasaba hiyo alikuwa Yang Jian, na baba yake alikuwa na cheo cha Mkuu wa Sui, kwa jina la eneo lilelile. Mwana alikirithi na baadaye akakifanya jina la nasaba yake, akibadilisha kidogo namna ya kuliandika.

19. Vitu hivi vinaonekana wapi?

Kengele na sehemu kubwa ya vitu vya Mtawala Yi viko Makumbusho ya Jimbo la Hubei, mjini Wuhan. Kengele za asili zimepigwa hadharani mara chache sana, ya kwanza ikiwa tarehe 1 Agosti 1978. Zinazosikika katika maonyesho ya kawaida ni nakala. Anayetaka kuliona kaburi lenyewe aende Suizhou, ambako shimo la Leigudun na magogo yake vimehifadhiwa palepale, na ambako makumbusho ya mji yana vitu vya Yejiashan na Wenfengta.